Meno ya Refa

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo mchana, bila hodi, nguo zikiwa bado kwenye kamba. Mkwe wangu ametoka mbio na beseni, mimi nimesimama mlangoni nikimwelekeza aanze na zipi, naye akanijibu bila kugeuka, "Baba, maelekezo hayaanui." Hana simile huyu mke wa mwanangu. Lakini nguo zote zimeingia kavu.

Nimeanza kuandika kwa sababu yeye anashinda shuleni, mwanangu yuko na lori lake huko nchi za watu, na mvua ikinyesha namna hii sina wa kugombana naye mpaka jioni. Mimi ni fundi viatu. Kibanda nilikifunga mwaka jana magoti yaliponigomea, ila sikuuza hata sindano. Meza yangu iko hapa barazani, na tupa, msasa, nyundo na gundi nimezipanga kama zamani. Kinachokosekana ni viatu. Watu wa siku hizi wanatupa kiatu kabla hakijachoka.

Jumanne, 4 Machi

Refa amekuja saa ya drafti, lakini hakugusa kete. Huyu ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia, alichezesha mpira mpaka alipostaafu, na hadi leo akifungwa kwenye drafti anafuta mchezo kwa kisingizio cha hali ya hewa. Mkewe alifariki, watoto wake wako mbali, kwa hiyo mchana ni wangu na yeye.

Alitazama huku na huku, akatoa leso mfukoni, akaiweka mezani. "Fundi," akasema, "kiatu kinanibana."

"Kiatu gani?"

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na meno yake ya kubandika, safu ya chini. Miaka yote hii nilikuwa sijayaona yakiwa nje ya kinywa chake, nikaona haya kama nimemkuta bafuni. Akanionyesha upande wa kushoto. Akitafuna, panamchoma. Nikamwambia aende kwa daktari wa meno, akasema daktari atamwekea miadi ya mwezi ujao na njaa ni ya leo.

Niliyageuza kwenye mwanga. Mtu akiota kifundo kwenye kidole gumba, hukati kidole, unapanua kiatu. Nikachukua tupa ndogo, nikakwangua ukingo kidogo kidogo, nikalainisha kwa msasa wa unga, nikamalizia kwa kipande cha ngozi mpaka pakateleza. Nikayasuuza, akayavaa, akang'ata ganda la mkate. Uso wake ulifunguka.

"Goli!"

"Refa haruhusiwi kushangilia," nikamwambia.

Akaniapisha nisimwambie mkwe wangu. "Ataniimbia wimbo wa mswaki yule."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimeamka na furaha nisiyoijua ilikotoka, halafu nikakumbuka ile kazi ya jana.

Jumamosi, 8 Machi

Huo wimbo wa mswaki upo kweli. Mkwe wangu anafundisha chekechea, na kila asubuhi watoto wanaimba huku wanasugua meno: juu, chini, nyuma, na ulimi. Sasa ameuleta nyumbani. Leo amenikuta natema damu kwenye sinki akasema mswaki wangu una nywele za brashi ya viatu, kisha akaniwekea mpya, laini, wa rangi ya waridi.

"Baba, damu hiyo si ya kawaida."

"Ni uzee, mwanangu. Uzee unatoka popote unapokuta mlango."

"Twende kliniki ya meno mara moja tu. Wakuangalie."

"Mvua ikikatika," nikasema. Alinitazama anavyowatazama watoto wanaodai wameshanawa mikono. Mimi meno yangu karibu yote ni yangu mwenyewe, sijui anataka nini zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Refa aliniapisha mimi akasahau kujiapisha mwenyewe. Jana alikuja Bibi wa Kwaya, mwavuli mkononi na mtandio hadi puani. Mama huyu aliongoza kwaya maisha yake yote na bado anaiongoza, ingawa sauti za juu sasa anawaachia wengine. Meno yake ya juu, nayo ya kubandika, yameingia ufa katikati, na akivuta pumzi kwa ajili ya noti ndefu yanataka kutangulia mbele ya wimbo.

Nikayaziba kwa gundi yangu, nikayabana usiku kucha. Ukiyashika hujui kama kulikuwa na ufa.

Jumapili, 16 Machi

Bibi wa Kwaya amerudi kunishukuru na kunilaumu kwa pumzi moja. "Fundi, yameshika. Lakini leo nimeimba nyimbo zote huku nasikia harufu ya duka la viatu."

Amekuja na mwenzake, naye ana meno kwenye leso. Benchi la barazani lilikuwa limeanza kuota ukungu, sasa lina watu. Nafurahi, sitaki kuficha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumatano, 19 Machi

Refa tena. Upande uleule. Nadhani mara ya kwanza nilikwangua kwa woga. Safari hii nimemkatia nafasi ya kutosha.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua haijapumzika wiki nzima na njia imegeuka tope. Refa amevuka na ndala mkononi, miguu peku, kuja kuniambia kiatu kinabana.

"Fungua kinywa nione," nikamwambia.

"Wewe ni fundi viatu. Kiatu nimekuletea, mguu niachie mwenyewe."

Tukacheka. Akayatoa meno akiwa amenipa mgongo, kama kawaida yake. Yananuka tumbaku. Anaitafuna tangu ujana, na anaipakia shavu hilohilo la kushoto. Nilimwambia pengine ndiyo inayomchoma, akasema tumbaku ni rafiki yake wa zamani kuliko mimi. Nikakwangua. Akaondoka ameridhika, tumecheza michezo miwili na yote amefuta.

Jumanne, 1 Aprili

Shule imeingia maji, watoto wamerudishwa makwao, na mkwe wangu akatokea barazani saa ambayo hakutarajiwa. Alimkuta Bibi wa Kwaya kajifunika leso mdomoni, na mimi nimeyabana meno yake, gundi mkononi.

Alimwamkia mgeni kwanza, hilo nampa. Alisubiri mpaka mama wa watu kaondoka. Kisha akalishika lile kopo la gundi akalisoma mgongoni.

"Baba, hii ni ya soli."

"Na imeshika."

"Inaingia kinywani mwa mtu mzima. Na wote hawa, umewahi kujiuliza kwa nini meno yanawabana?"

"Yanabana kwa sababu yalitengenezwa vibaya."

"Au kwa sababu kinywa kimebadilika. Kinywa cha mzee ni sehemu ya mwili, Baba, si sanduku la kuwekea meno."

Nilipandwa na hasira. Nimeshika tupa kabla hajazaliwa, na leo ananisimamia barazani kama mkaguzi. Nikamwambia, "Wewe fundisha watoto. Watu wazima niachie mimi." Akaingia ndani. Tulikula, kijiko chake na changu ndivyo vilivyozungumza.

Jumapili, 6 Aprili

Mkwe wangu hajaleta tena habari ile. Ila gundi ameihamishia juu ya kabati, mkono wangu haufiki, na magoti yangu hayapandi kiti. Anajua.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Refa amekuja asubuhi, kabla ya saa yake. Kwanza alivua mkanda wa suruali. Alitaka nimtobolee tundu jipya, kwa sababu suruali inamtoka. Nikatoboa. Nikamtania kwamba mkanda unarefuka kwa mvua, hakucheka. Mkwe wangu alikuwa ameacha chai ya moto na mkate; chai aliiacha ipoe kabisa, mkate hakuugusa. Maneno yake yalikuwa mazito, kama mtu aliyeweka punje ya mahindi chini ya ulimi.

Kisha akaleta leso. Ilikuwa na damu, si nyingi, lakini damu.

Niliyashika yale meno na nikajua kabla sijayainua. Pale upande wa kushoto, nilipokwangua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, plastiki imekuwa nyembamba kama ukucha. Nimemwachia nafasi ambayo kidole changu kidogo kinalala ndani. Na bado panabana. Kiatu ukikipanua kikabana tena, ukakipanua kikabana tena, fundi wa kweli haulizi kiatu. Mguu ndio unaokua. Hili nimewafundisha wanagenzi wangu wote. Nilishawahi kumrudisha mteja na kiatu chake, nikamwambia nenda hospitali na huo mguu, na alikuwa na jipu hadi mfupani.

Nikamwambia Refa, "Kuna kitu kinywani mwako."

"Kuna kidonda. Meno yananikata, ndiyo maana nayaleta kwako."

"Kina muda gani?"

"Fundi, tafadhali." Hajawahi kuniambia tafadhali, huyu anayekataa kukiri hata kete iliyoliwa mbele ya macho yake. "Nipunguzie kidogo tu. Nile leo. Ya kesho nitayaona kesho."

Macho yake yalikuwa ya mtu mwenye njaa. Nikachukua tupa, nikakwangua. Alipoyavaa alishusha pumzi, akanishika bega, akavuka njia kurudi kwake na mkanda wake umekaza.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kubwa. Sikula.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia mkwe wangu. Nilingoja arudi, nikamngoja avue viatu vyenye tope, nikamwambia yote bila kuruka: tangu siku ya kwanza, tundu la mkanda, damu kwenye leso. Na kwamba nilijua, na nikakwangua hata hivyo.

Nilijiandaa kusemwa. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Lakini yeye alikaa chini, palepale sakafuni karibu na mlango, vidole vina chaki, akauliza, "Tangu lini kidonda hakiponi?"

"Tangu mvua ianze. Pengine kabla."

Kisha akanieleza jambo ambalo mwanangu hakuwahi kuniambia. Mama mzazi wa mkwe wangu alikuwa na kidonda kando ya ulimi. Nyumba nzima walisema ni jino limemkata, wakamsukutulisha maji ya chumvi, wakamsagia chakula, wakasema mtu mzima haachi kuwa na kidonda hapa na pale. Walipompeleka alikuwa hawezi tena kumeza mate. Yeye alikuwa amemaliza shule tu. "Daktari alituambia kidonda cha kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili hakisubiriwi, Baba. Alituambia baada ya kuchelewa. Tangu hapo kila mtu ninayemwona natamani kumfungua kinywa."

Kumbe ndiyo sababu ya nyimbo zote zile. Nami nilikuwa namwona mkaguzi. Niliona aibu, nikamwomba radhi, nikasema neno lenyewe, radhi, maana mtu wa umri wangu hupenda kuomba radhi kwa kukohoa. Akasema, "Basi tufanyeje na Mzee Refa?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu amepata mshirika wa kumsaidia kuficha, na mshirika ni mimi.

Jumatano, 16 Aprili

Refa amekuja na leso. Akayaweka mezani, akafumba mdomo, akangoja. Nikayachukua, nikayafunga tena vizuri, nikayatia mfukoni mwangu.

"Unafanya nini?" Bila meno midomo yake inaingia ndani, akawa mzee ghafla, mzee kuliko mimi.

"Sikwangui tena. Utayapata mlangoni kwa daktari."

"Nipe meno yangu."

"Mlangoni kwa daktari."

"Huo ni wizi!"

"Kapige filimbi."

Hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea mfukoni mwangu na mimi nikausukuma, wazee wawili tunasukumana barazani kama watoto wanaogombea mpira. Aliniita majina. Alisema nilikuwa rafiki kwa sababu ya upweke tu, na kwamba fundi viatu siku zote atakuwa chini ya miguu ya watu. Hilo liliniingia. Kisha akajifunika mdomo kwa kiganja na kuondoka mvuani, hata mwavuli aliusahau.

Alhamisi, 17 Aprili

Dirisha lake limefungwa. Mkwe wangu amempelekea uji na viazi vilivyopondwa. Ameupokea.

Ijumaa, 18 Aprili

Bakuli limerudi tupu. Ujumbe wake: "Mwambie yule mwizi uji ni mtamu, na hautokani na yeye."

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Benchi tupu. Nimeyasugua meno yake kwa mswaki na sabuni, nikayaweka kwenye maji safi kama alivyonielekeza mkwe wangu. Nilipoyatazama nilitaka kuvuka njia nimrudishie na yaishe. Mtu mzima kumnyima mwenzake meno ni jambo la aibu. Sikuvuka.

Jumatatu, 21 Aprili

Mkwe wangu amerudi kutoka kwa Refa anajizuia kucheka, mara ya kwanza wiki hii. Refa amekubali. Ana sharti: mimi ndiye nikae kwenye kile kiti kwanza, nifunguliwe kinywa, na yeye asimame pembeni akitazama.

"Amesema kama kupekuliwa ni kuzuri, uanze wewe."

Nimekubali. Sikuwa na pa kukimbilia, mvua yenyewe niliyokuwa nimeisingizia haina dalili ya kukatika.

Jumatano, 23 Aprili

Kliniki ya meno iko juu ya duka la vifaa vya umeme, ngazi nyembamba, viti vya plastiki, watoto wanalia kabla hawajaguswa. Refa alikaa kiti cha mwisho, leso mdomoni, hakunisalimia. Mkwe wangu alikaa katikati yetu.

Daktari ni mwanamke, umri wa mwanangu, mikono myepesi. Nilikaa. Kiti kikalala chenyewe nikajikuta natazama dari, taa usoni, kinywa wazi, na Refa amesimama juu yangu amekunja mikono. Niliwahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri na sikuona haya kiasi hicho. Daktari akagusa fizi hapa na pale, kila anapogusa panatoa damu. Akanionyesha kwenye kioo ugaga uliojijenga nyuma ya meno, mgumu na wa kahawia, kama tope lililokaukia kwenye kisigino.

"Hii ndiyo damu yako, mzee. Uzee hautoi damu. Fizi zinazotoka damu zinaumwa, na zikiachwa, haya meno unayojivunia yataanza kutikisika moja moja. Una sukari?"

"Sijui."

"Tutapima pia. Kinywa na mwili havijatengana."

Akakwangua ugaga. Refa alitazama mpaka mwisho, nadhani alifurahi kila nilipokunja uso. Nilipoinuka nikamwambia, "Uwanja wako." Nikatoa meno yake mfukoni, nikamkabidhi mbele ya daktari, kama nilivyoahidi.

Daktari aliyapokea yeye kwanza. Aliyageuza kwenye taa, akapitisha kidole pale upande wa kushoto.

"Nani amekwangua hapa?"

Mkwe wangu alitazama sakafu. Refa alifungua kinywa kusema kitu, sijui angesema nini.

"Ni mimi," nikasema. "Mara nne."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimlaza Refa, akavuta shavu taratibu, akatazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akamwomba ruhusa anionyeshe. Refa akaitikia kwa kichwa, macho kwenye dari.

Niliinama. Kwenye ufizi wa chini, kushoto, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa haragwe, mwekundu na mweupe, kingo zake ngumu. Daktari aliyashikilia yale meno karibu. Uvimbe ule na nafasi niliyoikwangua vilikuwa na umbo moja. Kila ulipotaka kukua mimi niliupisha.

Ametia ganzi, amekata kipande kidogo, amekipeleka maabara. Tumeshuka ngazi watatu, mkwe wangu amemshika Refa mkono mmoja, mimi sikuthubutu kushika wa pili.

Jumatatu, 28 Aprili

Majibu bado. Refa hana ruhusa ya kuvaa meno wala kutafuna tumbaku. Amemwambia mkwe wangu bora angenyimwa moja.

Ijumaa, 2 Mei

Majibu bado. Refa ameketi barazani kwangu mchana mzima, hakusema nami. Lakini aliketi.

Jumatano, 7 Mei

Ni kansa.

Daktari aliisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, akaacha tuisikie. Akasema shingoni hajagusa kitu kibaya, watapiga picha kuhakikisha, na hospitali kubwa itamfanyia upasuaji, wataondoa uvimbe pamoja na sehemu ya mfupa wa taya. Kupona kunawezekana. Kusema vizuri hakuna hakika.

Nilimfuata daktari hadi mlangoni nikamuuliza alipokuwa peke yake. "Na kama ningemleta mvua ilipoanza?"

Angeweza kunidanganya kwa huruma. "Tungekata sehemu ndogo kuliko hii," akasema.

Tulingoja nje mvua ipungue. Refa alitazama maji yanavyopita mferejini. Akasema, "Maisha yangu yote nimeishi kwa kupiga kelele. Nani atanielewa?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe hata nikisema wazi huelewi," akajibu. Ni neno la kwanza aliloniambia tangu siku nilipomnyima meno. Nikalipokea hivyohivyo.

Jumapili, 11 Mei

Leo benchi lilijaa tena, mvua imewapa nafasi. Nikasimama mbele yao na kuwaambia: sikwangui, sigundishi, na nikawaeleza kwa nini, pamoja na sehemu yangu. Bibi wa Kwaya alikasirika, akasema ninawatisha watu bure, jino la pembe si dawa ya pengo na kila mtu anajua meno ya kuvaa hayawi kama ya kuzaliwa nayo. Nikamwambia sikatai, lakini kuumwa si sehemu ya mkataba.

Aliondoka na mwavuli wake. Jioni akarudi kumuuliza mkwe wangu kliniki inafungua saa ngapi.

Alhamisi, 15 Mei

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Mkwe wangu ameomba ruhusa shuleni, amekaa nami kwenye benchi la hospitali. Tumekaa tu. Nimemwomba Mungu kwa maneno machache maana mengi yalinikataa.

Ijumaa, 16 Mei

Yuko hai.

Jumatatu, 26 Mei

Bibi wa Kwaya amekutwa na utando mweupe wa fangasi chini ya meno ya juu. Alikuwa analala nayo, hakuyavua tangu enzi. Amepewa dawa na anatengenezewa mapya. Sasa anawahubiria wanakwaya wote kana kwamba aligundua yeye.

Ijumaa, 30 Mei

Refa amerudi. Wamemleta kwetu, kwenye chumba cha mwanangu mkubwa aliyehama zamani, kilichokuwa kinalala bure. Mkwe wangu ndiye aliyeamua, mimi nilikuwa bado natafuta namna ya kumwomba. Uso wake umeingia upande wa kushoto. Anakula vitu vya kunywa tu. Kinywa chake kinatakiwa kisafishwe kila baada ya chakula, na mikono yake inatetemeka.

Muuguzi alimfundisha mkwe wangu, mkwe wangu akanifundisha mimi. Unanawa mikono kwa sabuni. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Kitambaa safi kidoleni, unapitisha kwenye fizi na ulimi, taratibu, halafu mswaki laini kwenye meno machache aliyobaki nayo juu. Vidole vyangu vina magamba ya gundi ya miaka yote, niliogopa vitamkwaruza. Mkwe wangu alinishika kifundo cha mkono akaniongoza, kama anavyowaongoza watoto wake wa chekechea. Nilimwacha aniongoze.

Jumanne, 3 Juni

Manyunyu tu. Nasafisha mara tatu kwa siku. Nimeshajua kila pembe ya kinywa kile.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekatika. Njia imekauka, watu wanapita na viatu visivyo na tope, na mkwe wangu ameanika magodoro yote.

Baada ya uji nilinawa, nikazungusha kitambaa kidoleni, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Refa hakufungua kinywa. Alinishika mkono. Maneno yake sasa yanatoka yamelowa, nusu yanapotelea shavuni, mkwe wangu huyaokota moja moja. Mimi nayapata yote.

"Ile mara ya mwisho," akasema. "Siku ya mkanda. Ulijua?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba mimi si daktari. Kwamba nilimwomba afungue kinywa akakataa. Kwamba yeye ndiye aliyesema tafadhali. Yote ni kweli, na nimejisomea mara nyingi tangu siku ile.

"Nilijua," nikamwambia. "Nilijua, nikakwangua."

Alinitazama. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu mikono nilikuwa nimeshainawa. Nilidhani ataniambia nitoke, na ningetoka, ningemwita mkwe wangu aje aendelee yeye.

Akauachia mkono wangu. Akaegemeza kichwa kwenye mto, akafumba macho, akafungua kinywa. Upande wa kushoto bado unamuuma, kwa hiyo nilianzia kulia.